Jinsi ya Kuona Onyesho la Muda la Michoro Japani Bila Kukuta Mlango Umefungwa: Mwongozo Kamili

Waswahili wanaosoma, wanaofanya kazi au wanaopita Japani huniandikia malalamiko ya aina tatu. La kwanza: "Tumefika, pamefungwa." La pili: "Tumeingia, lakini mchoro uliotuleta haupo, wametundika mwingine." La tatu ndilo linalouma zaidi: "Tumeshuka treni Akita, kumbe jumba lenyewe liko mji mwingine."

Yote matatu yamenikuta mimi mwenyewe, kwa hiyo simcheki mtu. Chanzo ni kimoja. Tunadhani jumba la sanaa ni kama soko la mjini: lipo tu, na kilichokuwepo jana kitakuwepo kesho. Onyesho la muda halina tabia hiyo, hasa onyesho la michoro ya vitabu au la wachoraji wa mkoa fulani. Lina msimu kama embe dodo, na ndani ya msimu huo baadhi ya kazi huja na kuondoka.

Historia ya sanaa ya Kijapani sitaigusa. Hapa kuna namna ya kutoka nyumbani, kufika, kuona ulichokifuata na kurudi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Simu inayotafsiri maandishi kwa kamera. Kurasa za Kiingereza za majumba ya mikoani mara nyingi ni fupi mno. Tarehe za kubadilisha kazi zimo kwenye ukurasa wa Kijapani.
- Penseli. Kalamu ya wino iache begini. Sababu iko Hatua ya 6.
- Sarafu za yeni 100, mbili au tatu, za kabati la mizigo.
- Pesa taslimu. Majumba madogo hayapokei kadi zote.
- Sweta au mtandio, hata mwezi wa nane. Vyumba vya michoro ya karatasi hupozwa kwa ajili ya karatasi, wewe ni mgeni tu humo.
- Kitambulisho cha mwanafunzi, kama unacho. Bei hushuka.
- Maneno haya, yaandike kwenye karatasi au simu:

会期 (*kaiki*): muda wa onyesho, siku ya kufungua hadi ya kufunga.
休館日 (*kyūkanbi*): siku ambazo jumba limefungwa.
企画展 au 特別展 (*kikakuten*, *tokubetsuten*): onyesho la muda.
常設展 (*jōsetsuten*): onyesho la kudumu.
展示替え (*tenjigae*): kubadilisha kazi zinazoonyeshwa.
前期 na 後期 (*zenki*, *kōki*): awamu ya kwanza na awamu ya pili.
原画 (*genga*): mchoro halisi wa mkono wa mchoraji, kabla ya kuchapwa.
撮影禁止 (*satsuei kinshi*): marufuku kupiga picha.

Huhitaji kuyatamka vizuri. Unahitaji kuyatambua kwa macho, kama unavyotambua namba ya daladala ikiwa bado iko mbali.

## Hatua ya 1: Chagua onyesho, usichague jumba

Jina la jumba halikuambii kilichomo wiki hii. Mfano ni jumba la sanaa la kata ya Itabashi, Tokyo, lililofunguliwa 1979. Linajulikana kwa mambo matatu yasiyofanana hata kidogo: michoro ya wachoraji wa ukoo wa Kanō wa enzi ya Edo (karne ya 17 hadi ya 19), kazi za wasanii waasi waliokaa mtaa wa Ikebukuro, Tokyo, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na kila kiangazi michoro ya vitabu vya watoto iliyoshinda kwenye maonyesho ya Bologna, Italia. Ukisikia sifa za Bologna ukaenda mwezi wa kumi na moja, utakutana na kitu kingine kabisa. Pengine kizuri, ila si ulichokifuata.

Kwa michoro ya vitabu, anza kutafuta hapa:

Jumba la Chihiro lililoko Nerima, Tokyo, lilifunguliwa 1977 mahali alipoishi mchoraji Iwasaki Chihiro (1918–1974), nalo ndilo la kwanza duniani kujitolea kwa michoro ya vitabu vya picha. Lina ndugu yake huko Azumino, mkoa wa Nagano, tangu 1997. Jumba la Yayoi, karibu na stesheni ya Nezu, lina michoro ya magazeti na riwaya za zamani. Limeungana na jumba la mchoraji Takehisa Yumeji (1884–1934), na tiketi moja inaingia kote kuwili. Nje ya Tokyo, jumba la mji wa Kariya, mkoa wa Aichi, huandaa maonyesho ya vitabu vya picha mara kwa mara. Onyesho la Bologna nalo huzunguka: ukilikosa Itabashi, angalia jumba la Otani mjini Nishinomiya, mkoa wa Hyogo.

Kwa uchoraji wa mkoa, neno la kutafuta ni *kyōdo*, yaani "kwetu", ardhi uliyozaliwa. Japani ina mikoa 47, na majumba ya mikoa hujiona yana deni kwa wachoraji waliozaliwa au waliofanya kazi hapo. Ndiyo maana mchoraji ambaye Tokyo hatundikwi anaweza kupewa jumba zima kwao.

(Kwa anayetamani nyumbani: Ise, mkoa wa Mie, kuna jumba la vinyago vya Wamakonde. Nililijua nikiwa nimeshakaa Japani muda mrefu, na niliona aibu kidogo kuonyeshwa na Mjapani.)

Onyo la majina yanayofanana. Hapa ndipo watu wanapopotea. Mkoa wa Akita una *Akita Kenritsu Bijutsukan*, lililoko mjini Akita, mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni. Una pia *Akita Kenritsu Kindai Bijutsukan*, ambalo liko Yokote, takriban kilomita 70 kusini. Yote mawili ni ya mkoa, na tofauti ya majina ni neno moja tu, *kindai*, "ya kisasa". Na mjini Akita kwenyewe kuna jumba la tatu, la manispaa. Nakili anwani nzima pamoja na jina la mji, usinakili jina la jumba peke yake.

Mtego mwingine ni neno *shiritsu*. Likiandikwa 市立 ni la mji. Likiandikwa 私立 ni la mtu binafsi. Sikio halitofautishi, jicho hutofautisha.

Umefaulu kama unaweza kutaja onyesho, jumba na mji katika pumzi moja bila kuangalia simu.

## Hatua ya 2: Soma kipeperushi kama unavyosoma mkataba wa nyumba

Kila onyesho lina kipeperushi chake, *chirashi*, na huwekwa pia kwenye tovuti ya jumba. Upande wa mbele ni mapambo. Geuza nyuma, kwenye herufi ndogo.

Tafuta *kaiki*. Utaona tarehe mbili, kila moja ikifuatiwa na herufi ya siku kwenye mabano. Angalia 月: katikati ya tarehe ina maana ya mwezi, kwenye mabano ina maana ya Jumatatu. Kamera ya simu huchanganya hizi mbili mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kisha tafuta *kyūkanbi*. Majumba mengi hufungwa Jumatatu, kwa kuwa wafanyakazi walishinda kazini wikiendi. Lakini Jumatatu ikiwa sikukuu ya taifa, jumba hufunguliwa siku hiyo, na pumziko husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata, kwa kawaida Jumanne. Sikukuu kadhaa za Japani zimepangwa kimakusudi ziangukie Jumatatu, kwa hiyo jambo hili si la nadra. Msomaji mmoja aliyekariri kwamba Jumatatu hufungwa alikwenda Jumanne kwa kujiamini, akasoma tangazo mlangoni.

Angalia pia mambo matatu:

Saa ya mwisho kuingia. Jumba likifungwa saa 17:00, mlango wa kuingilia hukatwa mapema, mara nyingi saa 16:30. Kwa saa zetu hiyo ni saa kumi na nusu ya jioni. Nimeona mtu akisoma 17:00 na kujipangia saa kumi na moja kamili, akafika kwa wakati, na bado hakuingia. Kwa onyesho la michoro ya karatasi, ingia angalau saa moja na nusu kabla ya kufungwa.

Mwaka. Tovuti za serikali za mitaa hupenda miaka ya enzi. Enzi ya sasa ni Reiwa: chukua namba ya Reiwa, ongeza 2018. Reiwa 7 ni 2025. Mtandaoni maonyesho ya miaka iliyopita hayafutwi, na jina la onyesho la kila mwaka halibadiliki, kwa hiyo ni rahisi kupanga safari ya onyesho lililofungwa zamani.

Likizo ndefu. Mwisho wa Desemba na siku za kwanza za Januari karibu kila kitu hufungwa. Jumba la Chihiro la Azumino hufungwa msimu wa baridi. Na majumba madogo yasiyo na onyesho la kudumu hufungwa kabisa kati ya onyesho moja na jingine, wakati kuta zinapobadilishwa.

Umefaulu kama umeandika tarehe yako na saa yako ya mwisho kuingia, na umeilinganisha na *kyūkanbi* herufi kwa herufi.

## Hatua ya 3: Hakikisha mchoro wenyewe utakuwepo siku yako

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo sababu ya mwongozo huu wote.

Rangi ya maji, wino, rangi ya mawe iliyopakwa kwenye hariri, karatasi yenyewe: vyote hufa kwa mwanga. Mwanga unaoua rangi ni limbikizo. Haijalishi umeingia kidogo kila siku au mwingi kwa siku moja, rangi iliyopotea hairudi. Kwa hiyo majumba hufanya mambo mawili. Hupunguza taa hadi karibu laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), kiasi cha chumba cha kulala jioni, na hupunguza siku ambazo kila kazi inakaa ukutani. Mchoro ukimaliza siku zake, unarudi sandukuni gizani na mwingine unachukua nafasi. Hiyo ndiyo *tenjigae*.

Onyesho la wiki nane linaweza kugawanywa *zenki* na *kōki*, wiki nne kwa nne. Bango la barabarani ni lile lile wiki zote nane. Mchoro ulioko kwenye bango unaweza kuwepo nusu tu ya muda huo.

Chukua mfano wa Akita. Katika miaka ya 1770, Satake Shozan, mtawala wa Akita, na samurai wake Odano Naotake walichanganya mbinu za Ulaya, vivuli na umbali, na rangi za Kijapani. Mtindo huo unaitwa *Akita ranga*. Naotake ndiye pia aliyechora vielelezo vya kitabu cha anatomia kilichotafsiriwa kutoka Kiholanzi na kuchapwa 1774, kwa hiyo kwa mtu mmoja unapata vyote viwili, michoro ya kitabu na uchoraji wa mkoa. Kazi yake maarufu zaidi, bwawa la Shinobazu lenye maua ya peoni mbele, ni mali ya jumba la Yokote. Imechorwa kwenye hariri. Haining'inii ukutani mwaka mzima, hutolewa kwa vipindi vifupi. Ukienda bila kuuliza, huenda usiione.

Linganisha na jumba la mjini Akita. Humo kuna mchoro mkubwa wa Fujita Tsuguharu wa 1937, maisha ya watu wa Akita, sherehe zao na theluji yao, urefu wa mita 20.5 na kimo cha mita 3.65. Huo ni rangi ya mafuta kwenye turubai, ni wa kudumu, una ukuta wake. Mkoa mmoja, majumba mawili ya mkoa, tabia mbili tofauti kabisa za wakati. Kinachoamua ni kitu kilichopakwa rangi: karatasi na hariri zina haraka, turubai ina subira.

Fanya hivi:

1. Kwenye ukurasa wa onyesho tafuta 出品リスト au 作品リスト, orodha ya kazi. Mara nyingi ni faili la PDF.
2. Tafuta mchoro wako. Safu za mwisho huwa za awamu. Duara ○ chini ya 前期 maana yake upo awamu ya kwanza tu.
3. Kama ni kitabu kilichofunguliwa ndani ya kabati la kioo, angalia kama kuna tarehe za kugeuza ukurasa. Kitabu kinaweza kuwepo wiki zote, lakini ukurasa unaoutaka ukawepo wiki mbili.
4. Orodha haipo? Piga simu au andika barua pepe. Sentensi moja ya Kijapani iliyotafsiriwa na simu inatosha: jina la mchoro, tarehe yako, je, utakuwepo? Wanajibu, na kwa adabu.

Ukitaka kuona awamu zote mbili, hifadhi kipande cha tiketi ya kwanza. Baadhi ya maonyesho hupunguza bei kwa anayerudi.

Umefaulu kama una orodha mkononi na umeweka alama kwenye duara lenye tarehe yako. Bila alama hiyo usinunue tiketi ya treni.

## Hatua ya 4: Nunua tiketi inayofaa

Maonyesho makubwa ya Tokyo, yale yanayodhaminiwa na magazeti na televisheni, mara nyingi hugharimu yeni 2,000 au zaidi. Majumba ya kata na ya miji midogo huwa chini ya 1,000. Usidhani bei kubwa ni picha nzuri zaidi. Unalipia bima, usafirishaji na matangazo.

Kwa maonyesho makubwa angalia kama kuna 日時指定, uwekaji wa siku na saa mapema. Ukiwepo, nunua mtandaoni kabla. Kwa jumba la mkoani, dirisha la tiketi siku hiyo hiyo linatosha karibu kila mara.

Mashine za tiketi za maduka ya usiku na mchana, kama 7-Eleven na Lawson, zinafanya kazi, lakini menyu ni ya Kijapani na foleni nyuma yako haina subira. Mwombe mhudumu.

Mwenye kukaa Tokyo miezi miwili anunue *Grutto Pass*, tiketi ya pamoja ya majumba ya Tokyo na jirani. Hudumu miezi miwili tangu siku ya kwanza kuitumia. Soma tu kama onyesho lako la muda limo bure au ni punguzo. Hapo watu hugombana bure na mwenye dirisha.

## Hatua ya 5: Panga njia ya kurudi kabla ya ya kwenda

Tokyo haina shida. Itabashi unashuka Nishi-Takashimadaira, mwisho wa njia ya Toei Mita, unatembea kama robo saa. Jumba la Chihiro unashuka Kami-Igusa, dakika chache kwa miguu.

Mikoani ni habari nyingine. Kutoka Tokyo hadi Akita treni ya kasi huchukua karibu saa nne, na viti vyote huwekwa mapema. Ukishafika, basi la kwenda jumbani linaweza kuwa moja kwa saa au pungufu. Piga picha ya ratiba ya basi la kurudi unaposhuka, kabla hujaingia ndani. Ukitoka gizani baada ya saa mbili za michoro, hutakumbuka kuiangalia.

Epuka wiki ya mwisho ya onyesho. Wajapani nao huahirisha. Pia epuka siku zinazofuata baada ya onyesho kutajwa kwenye kipindi cha sanaa cha Jumapili asubuhi cha NHK, televisheni ya umma ya Japani. Siku bora ni Jumatano au Alhamisi, mchana baada ya chakula.

## Hatua ya 6: Mlangoni

Mwavuli hauingii. Kuna rafu yenye vishimo na funguo. Chagua namba, funga, chukua ufunguo. Maji ya mwavuli ni unyevu, na unyevu ni adui wa karatasi.

Begi kubwa, kabatini. Tumbukiza yeni 100; ukifungua, sarafu hurudi. Watu wengi huiacha humo. Rudi, uichukue.

Chupa ya maji ifungwe na ibaki begini. Hakuna kutafuna kitu, hata pipi.

Na kalamu ya wino hairuhusiwi, hata kama unaandika kwenye daftari lako mwenyewe umbali wa mita mbili. Tone la wino halina tiba. Alama ya penseli inaweza kufutwa. Ukitoa kalamu, msimamizi atakujia kwa upole sana na kukukopesha penseli. Ipokee kwa mikono miwili na kuinama kidogo. Hujakaripiwa.

Chukua orodha ya kazi, ya karatasi, huwa bure pale pa kuingilia. Na uliza kama unaweza kutoka na kurudi. Jibu mara nyingi ni hapana, kwa hiyo maliza haja chooni kwanza.

Wenye watoto: majumba ya michoro ya vitabu ndiyo yenye subira zaidi. Jumba la Chihiro la Tokyo lina chumba cha watoto chenye vitu vya kuchezea. Jumba la picha za kale halina hali hiyo.

## Hatua ya 7: Tazama kwa utaratibu wa kazi yenyewe

Simama dakika moja chumba cha kwanza bila kutazama chochote. Macho yanahitaji muda kuzoea laksi 50. Anayeingia kutoka juani na kukimbilia picha ya kwanza huona kiza, analalamika taa mbovu.

### Kwa michoro ya vitabu

Uliza kwanza hadithi inakwenda upande gani. Kitabu cha Kijapani chenye maandishi ya wima hufunguliwa kutoka kulia, na wahusika hutembea kuelekea kushoto. Chenye maandishi ya mlalo hufunguliwa kama vyetu, na wahusika huelekea kulia. Mchoraji huchora mwendo kwa kufuata hilo. Ukianza ukuta upande usio wake utaona sungura anatoroka nyumbani kumbe anarudi.

Kisha tafuta vitu ambavyo kitabu kilichochapwa kimevificha: rangi nyeupe iliyopakwa juu ya kosa, mistari ya penseli pembeni inayoonyesha mahali pa kukata, karatasi iliyobandikwa. Na nafasi tupu. Mtu asiyezoea huona anga tupu akadhani mchoraji alichoka. Hapo ndipo maneno yalipokwenda kukaa. Mchoraji wa kitabu huchora akijua mahali ambapo hatachora.

Kwenye onyesho la Bologna kila msanii huleta michoro mitano inayofuatana. Itazame kama mitano. Wengi hutazama mmoja mmoja kama picha za kupamba sebule, wakakosa kinachopimwa: je, mtu huyu anaweza kubeba hadithi?

### Kwa uchoraji wa mkoa

Hapa shauri langu ni la kinyume: tazama nje kabla ya ndani. Tembea nusu saa mjini. Mchoro wa Fujita una fito za taa za sherehe ya Kanto, mapipa, mbwa, theluji iliyokanyagwa. Ukiwa umeona upana wa mitaa ya Akita na weupe wa anga lake, ukuta ule unaongea. Na usitafute "uzalendo" wa cheti cha kuzaliwa. Fujita alizaliwa Tokyo na aliishi Paris, na picha ile aliichora ndani ya ghala la mpunga la tajiri mmoja wa Akita. Uchoraji wa mkoa ni wa aliyeutazama mkoa.

Kazi za *nihonga*, uchoraji wa Kijapani wa mtindo wa jadi, hupakwa unga wa mawe uliochanganywa na gundi ya wanyama. Usisimame mbele tu. Sogea pembeni, chuchumaa kidogo, utaona chembe zikimeta. Kioo cha simu hakijawahi kuzionyesha.

Skrini za kukunja na magombo husomwa kulia kwenda kushoto. Fuata mshale wa 順路, *junro*, ndio mwelekeo uliopangwa.

Kibao cha maelezo kina mwaka, na ukiwa wa enzi pekee, hesabu hivi: Meiji ongeza 1867, Taishō ongeza 1911, Shōwa ongeza 1925, Heisei ongeza 1988. Shōwa 12 basi ni 1937. Ukiona 紙本 ni karatasi, 絹本 ni hariri, 個人蔵 ni mali ya mtu binafsi. Hiyo ya mwisho itazame mara mbili. Ikirudi kwa mwenyewe, huenda usiione tena maishani.

Umefaulu kama umetumia zaidi ya dakika tano mbele ya kazi moja, na unaweza kusema kitu ambacho picha ya mtandaoni haikukuambia.

## Hatua ya 8: Picha za simu

Sheria hutofautiana chumba hadi chumba, hata ukuta hadi ukuta. Alama ya kamera iliyokatwa ni marufuku. Kukiwa na ruhusa, mwako wa kamera hauruhusiwi, wala fimbo ya kupigia picha. Kwa michoro ya vitabu ya wasanii walio hai marufuku ni ya kawaida, kwa ajili ya hakimiliki.

Usijaribu kuiba picha msimamizi akitazama kando. Hatapiga kelele. Atakuja, atainama, ataomba samahani yeye, na utajisikia vibaya hadi stesheni.

## Hatua ya 9: Kutoka

Dukani utakuta *zuroku*, kitabu cha onyesho. Ukikitaka, nunua siku hiyo. Vingi haviuzwi madukani, vinachapwa kwa idadi ya onyesho lile tu, na vikiisha vimeisha. Ni vizito, kwa hiyo pima begi la ndege. Ukiweza kumudu kimoja tu kwa mwaka, nunua cha mkoani na uache cha Tokyo; wachoraji wakubwa utawapata vitabuni popote, wale wa mkoani kitabu hicho huenda ndicho pekee.

Rudisha penseli. Chukua mwavuli, chukua yeni 100.

Karibu na mlango kuna rafu ya vipeperushi vya majumba mengine, bure. Chagua kimoja, kigeuze nyuma papo hapo ukiwa bado umesimama, na utafute herufi mbili: 前期.